Samaki Mgumu Si Samaki wa Kuteswa

Ile video umeiona. Chumba kina giza, taa ya buluu imewaka, maji yanacheza, na samaki wa rangi ya chungwa amejilaza katikati ya matumbawe kama mtoto ndani ya blanketi. Uliitazama mara ya tatu saa saba usiku, ukajiambia: hata mimi nitaweka yangu. Hapa hapa kejani, kando ya TV. Mabeshte wakiingia wanyamaze kwanza.

Sikucheki. Nilikuwa hapo ulipo. Naandika haya ili nikupunguzie gharama ya somo ambalo mimi nililipia kwa pesa, na wengine wakalilipia kwa uhai.

Ilikuwa 2022. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka mmoja kabla, si kwa kofia na joho bali kwa karo kuisha. Nilikuwa naishi bedsita huko Umoja, nikila kwa kuhariri video za harusi. Kazi moja kubwa ikanilipa vizuri, na badala ya kununua kitanda cha maana nikanunua tangi la kioo. Muuzaji, ambaye jina lake nitalimeza, aliniuzia chumvi, mchanga na mawe. Halafu siku hiyo hiyo akanifungia samaki wanne. Weusi tititi, kila mmoja na madoa matatu meupe. Warembo ajabu.

Nikamuuliza, "Tangi si ni jipya leo, hawatakufa?"

Akacheka. "Hawa ni wagumu, bro. Hawa hawafi. Ndio wa kuanzishia tangi."

Siku ya tatu mmoja alikuwa juu ya maji akihema kama mtu aliyebeba mtungi wa gesi hadi ghorofa ya saba. Siku ya tano alikuwa ameenda. Siku ya tisa alikuwa amebaki mmoja peke yake. Nikampigia muuzaji. Aliniambia nipitie dukani nichukue wengine, na kwamba huyo aliyebaki ndiye mgumu wa kweli.

Hapo ndipo neno "mgumu" lilianza kunikera.

Mgumu maana yake nini?

Kijana wa Nairobi analijua neno hili vizuri. Ukikosa karo unaambiwa wewe ni mgumu, utavumilia. Ukilipwa nusu unaambiwa wewe ni mgumu, umezoea. Ni sifa ambayo mara nyingi hutolewa na mtu anayetaka kukupa mzigo zaidi. Na hivyo ndivyo wauzaji wengi wanavyolitumia kwa samaki: huyu ni mgumu, kwa hivyo mtupe popote.

Mimi nasema hivi, na ndio msimamo wangu wote: unapoanza tangi la maji ya chumvi, chagua samaki mgumu, lakini mchague kwa sababu wewe utakosea, si kwa sababu umepanga kumtesa. Kuna tofauti kubwa. Samaki mgumu ni yule anayekula unachompa, asiyeugua ovyo, asiyekua akalishinda tangi, na atakayekusamehe joto likipanda au likishuka nyuzi moja au mbili. Hakuna samaki mgumu wa sumu. Wote wanaungua. Tofauti ni nani anachelewa kufa.

Na niliwatia kwenye sumu kweli, bila kujua. Sikiza. Samaki akila anachafua maji. Uchafu wake pamoja na chakula kilichobaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Maji ya bahari yana pH ya juu kidogo ya 8, na hali hiyo huifanya amonia iwe kali zaidi. Kinachookoa samaki ni bakteria. Kuna wanaoila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo bado ni mbaya, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina makali hayo. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua wiki 4 hadi 6 hivi wazaliane kwenye mawe na mchanga.

Kwa hivyo wale samaki wanne hawakuwa wageni wa tangi langu. Walikuwa kuni za kuwashia jiko.

Na hakukuwa na haja. Unaweza kuivisha tangi bila samaki hata mmoja. Weka maji ya chumvi, mawe na mchanga, washa pampu na hita, kisha tupa chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili, vioze humo. Nunua vifaa vya kupima maji. Utaona amonia inapanda, kisha nitriti nayo inapanda, halafu zote zinashuka hadi sifuri huku nitreti ikijitokeza. Siku utakayoweka chakula na kesho yake ukute amonia na nitriti zote ni sifuri, hapo tangi limeiva. Kabla ya hapo unatazama mawe na maji kwa wiki sita. Inaboesha, sikatai. Lakini ukishindwa kungoja wiki sita, huu si mchezo wako, na ni heri ujue kabla ya kununua samaki.

Tangi dogo si rahisi, ni dogo tu

Wengi tunaanza na kitu kidogo kwa sababu nyumba ni ndogo na mfuko ni mdogo. Sawa. Lakini usidanganyike kwamba tangi la lita 20 ni la wanaoanza. Piga hesabu nami.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Maji yanapokauka, chumvi haiondoki, hubaki. Ukipoteza lita 2 kwenye tangi la lita 20, chumvi inapanda kutoka 35 hadi karibu 39. Ukipoteza lita hizo hizo 2 kwenye tangi la lita 100, inapanda hadi 35.7 tu. Kosa ni lile lile, lakini kwenye tangi moja samaki hajui kuna kitu kimetokea, na kwenye lingine ameamka kwenye bahari ya nchi nyingine. Ndiyo maana nakushauri uanze na lita 100 hivi kama unaweza. Tangi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 linakuletea lita 96. Jua pia kwamba maji hayo peke yake yana uzito wa karibu kilo 100, kwa hivyo ile stuli yako ya plastiki sahau.

Maji yakipungua, jazia maji matamu yasiyo na chumvi. Usiongeze ya chumvi, utakuwa unazidisha. Na usitumie ya mfereji moja kwa moja, yana klorini. Mimi hununua kwenye vile vibanda vya kujaza maji ya kunywa mtaani, kile ambacho mashine yake inachuja hadi chumvichumvi. Uliza kama wanarudisha madini baada ya kuchuja. Wakirudisha, tafuta kibanda kingine.

Halafu kuna baridi na stima. Mwezi wa Julai usiku wa Nairobi unajua ulivyo. Samaki wa matumbawe anataka nyuzi 25 au 26, kwa hivyo hita si anasa. Na stima ikipotea, hita inalala, pampu inalala, hewa ndani ya maji inaanza kupungua. Ile Ijumaa ya Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipobaki gizani, nilikesha na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, tangi nimelifunika kwa blanketi langu mwenyewe. Mimi nililala na jaketi. Hakuna aliyekufa. Hiyo pampu ya betri inunue kabla ya kununua samaki, tafadhali.

Maswali matano kabla ya kutoa pesa

Sasa tuje kwa samaki wenyewe. Ukisimama mbele ya kioo dukani, macho yatakuambia nunua yule anayeng'aa. Yapuuze macho. Uliza maswali haya: Atakua kiasi gani? Anakula nini? Ana hasira? Atakula matumbawe yangu? Alitoka wapi? Muuzaji akishindwa na maswali mawili kati ya hayo, ondoka. Hata kama mvua inanyesha.

Nitakupa orodha yangu, ya tangi la lita 100.

Wa kwanza ni yule Nemo wa filamu ya 2003, Amphiprion ocellaris. Najua, kila mtu anaye. Kila mtu anaye kwa sababu nzuri: ni mdogo, anakula karibu kila kitu, na anazalishwa kwa wingi kwenye matangi ya wafugaji. Mtoto aliyezaliwa ndani ya tangi hajawahi kuiona bahari, amezoea chakula cha pakiti, na ukimtunza anaweza kukaa nawe zaidi ya miaka 10. Na hahitaji anemoni, yule mnyama laini mwenye vidole anayeonekana naye kwenye video. Anemoni ni mgumu kumfuga kuliko samaki mwenyewe, anataka tangi lililokomaa na taa kali. Muache. Ukitaka wawili, chukua wachanga, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume, kisha yule anayetawala hugeuka kuwa jike. Wataelewana wenyewe nani ni mama wa nyumba.

Kumbuka kwamba huyo si wa kwetu. Pwani ya Kenya tuna jamaa zake: Amphiprion allardi, mwenye mistari miwili meupe mwilini, na Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mweupe unaopita mgongoni. Wote ni wavumilivu, lakini allardi anakua mkubwa zaidi na anaweza kuwa mkali kwa wenzake, kwa hivyo kwa tangi dogo yule wa mstari wa mgongoni ana nafuu.

Wa pili ni Nemateleotris magnifica. Mbele mweupe, nyuma mwekundu kama makaa, na unyoya mrefu umesimama mgongoni. Anapatikana kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Hukua kama sentimita 9 hivi na hasumbui mtu. Tabu yake ni moja, ni mwoga, na akishtuka anaruka. Bila kifuniko utampata asubuhi sakafuni, amekauka kama omena. Weka wavu juu ya tangi. Si ombi.

Wa tatu ni yule gobi wa manjano, Cryptocentrus cinctus. Huyu ukimpata pamoja na kamba mdogo anayechimba, yule anayealisha gando lake kama bunduki, utafuta akaunti zako zote za kutazama video. Kamba haoni vizuri, lakini ni fundi wa kuchimba. Gobi hajui kuchimba kama yeye, lakini ana macho. Basi wanakaa shimo moja. Kamba anafanya kazi huku sharubu yake imegusa mwili wa gobi, na hatari ikija gobi anatikisa mkia, wote wawili wanaingia ndani. Hiyo ndiyo maana halisi ya rumeti mzuri.

Wa nne ni kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni. Mwili wa fedha, mistari myeusi, mapezi marefu. Mtulivu kama mzee wa kanisa. Porini anatoka visiwa vichache tu vya Indonesia, na huko ameorodheshwa kuwa hatarini kwa sababu amevuliwa mno kwa biashara hii hii yetu. Kwa hivyo nunua aliyezalishwa pekee. Na inawezekana, kwa maana baba ndiye hulea mayai kinywani mwake hadi watoto watoke, na wafugaji wamefaulu naye sana. Mmoja anatosha, madume wawili hupigana.

Wa tano ni Ecsenius midas, bleni wa rangi ya dhahabu, ambaye pia anapatikana bahari yetu. Hukaa ndani ya tundu la jiwe, kichwa nje, akikutazama kama soja wa geti. Anakula vizuri. Naye pia anaruka, kwa hivyo wavu ni ule ule.

Usiwachukue wote. Lita 100 zinabeba samaki wadogo watatu au wanne basi. Waweke mmoja mmoja, au wale wawili wa Nemo pamoja, kisha ngoja wiki mbili au zaidi kabla ya mwingine, ili bakteria waongezeke kulingana na mzigo. Mpole aingie kwanza, mwenye kiburi aingie mwisho, la sivyo mwenye kiburi atakuwa ameshaandika jina lake kwenye kila jiwe.

Wale wa kuwaacha dukani

Hapa ndipo nitakuudhi.

Dory, yule wa buluu, Paracanthurus hepatus. Dukani ana urefu wa kidole. Akikomaa anafika karibu sentimita 30, na ni samaki wa kuogelea mbali. Kumweka kwenye tangi la sentimita 60 ni kama kumfungia mwanariadha wa Iten ndani ya lifti.

Mandarin, Synchiropus splendidus, pengine ndiye samaki mrembo kuliko wote duniani. Hula vidudu vidogo hai vinavyotambaa kwenye mawe, siku nzima, na wengi wao hukataa chakula cha pakiti. Tangi dogo jipya halina vidudu vya kumtosha. Atakonda mbele yako huku ukimpiga picha.

Labroides dimidiatus, yule mwembamba mwenye mstari mweusi anayewasafisha samaki wengine. Baharini ana foleni ya wateja. Kwako atakuwa na wateja watatu wasio na vidudu. Biashara itafungwa, naye ataangamia kwa njaa.

Kitatange, wale bapa wenye rangi kama kanga, wengi wao wanakula matumbawe. Utakuwa unanunua matumbawe kwa bei ghali ili uwalishe. Chromis wa kijani ukiwaweka sita wakapendeza kama kundi, mara nyingi watawindana mmoja mmoja hadi abaki mmoja au wawili. Na wale weusi wenye madoa matatu, Dascyllus trimaculatus, wale wangu, hukua hadi sentimita 14 hivi, madoa hufifia, na tabia huwa ya kondakta aliyenyimwa nauli.

Yule wangu aliyebaki alilitawala tangi lile kwa miezi minane. Nilimletea mwenzake, akamkimbiza hadi akaruka nje. Nilipotia mkono kusafisha kioo aliniuma. Nilimchukia, halafu nikatulia nikafikiri. Alikuwa amewaona wenzake watatu wakifa kwenye maji yanayochoma, akaachwa peke yake kwenye kisanduku. Sijui samaki hufikiria nini, na sitajifanya najua. Najua tu kwamba mimi ndiye nilimweka pale, na kwamba niliambiwa ni sawa kwa sababu yeye ni mgumu.

Bahari ni yetu, na hiyo ndiyo shida

Sisi hatuko Ulaya. Huko mtu akisema samaki ametoka mbali, kweli ametoka mbali. Sisi bahari iko mwisho wa reli. Pwani yetu imekuwa ikiuza samaki wa mapambo nje kwa miaka mingi, na wanaowashika ni watu wanaozama kwa miwani na nyavu ndogo, wengi wakitegemea kazi hiyo kuweka ugali mezani. Kuna watakaokuambia usinunue samaki wa porini kamwe. Mimi siwezi kumwambia hivyo mvuvi wa Kwale nikiwa nimeketi Nairobi na taa ya buluu.

Nitakuambia kitu kingine. Mvuvi akizama, akamshika samaki mmoja kwa uangalifu, na samaki huyo akaishi kwako miaka 8, umeiheshimu kazi yake na umeiheshimu bahari. Samaki huyo akifa siku ya tisa, umetupa kazi yake kwenye pipa, na utarudi kununua mwingine. Kila anayekufa kwa ujinga wetu ni agizo jipya kwa bahari. Sasa fikiria duka linalokuambia kwamba wanne wa kwanza ni wa kufa. Hao wanne wote walikuwa na shimo lao mahali fulani.

Na bahari yenyewe imeshachoka. Joto la 1998 liliua matumbawe mengi sana pwani yetu, na maji yanaendelea kupata moto. Kwa hivyo usiniambie utashuka Mombasa na ndoo. Ndani ya hifadhi za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite ni marufuku kuchukua chochote, na hata nje yake kuvua samaki wa mapambo kunahitaji leseni. Matumbawe magumu yako chini ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara yake dunia nzima. Ukitaka matumbawe, tafuta vipande vilivyokuzwa ndani ya matangi ya wafugaji wengine, tena baada ya samaki kukaa sawa miezi michache.

Kuna wale ambao wameshaanza kuandika maoni: "Samaki ni samaki, si tunakula?" Ndiyo, tunakula. Mimi napenda changu wa kukaanga kuliko unavyofikiria. Lakini samaki wa kuliwa hakuna aliyemwahidi kitu. Huyu wa tangini umemwambia: mimi nitakuwa bahari yako. Maji yake ni wewe, joto lake ni wewe, chakula chake ni wewe. Ukitoa ahadi kama hiyo, timiza.

Na kuna wale wa "hii ni hobi ya matajiri." Kwa sehemu ni kweli, chumvi nzuri na vifaa vya kupima si bei ya sukuma wiki. Lakini mimi si tajiri na nimeweza, kwa kununua kitu kimoja kila mwezi. Kinachofilisi watu ni kununua samaki yule yule mara tano. Uvumilivu ndio bei nafuu kuliko zote.

Siku ya kununua

Siku ikifika, mwambie muuzaji amlishe samaki mbele yako. Asipokula, usinunue. Tazama mapezi, yawe mazima. Tazama anavyopumua, asiwe anahema mbio. Tazama ngozi, isiwe na punje nyeupe kama chumvi iliyomwagika. Tazama tumbo, lisiwe limeingia ndani. Uliza amekaa dukani siku ngapi. Aliyefika jana muache, mwambie muuzaji utarudi wiki ijayo, na umwekee amana kidogo akitaka.

Ukifika nyumbani usimmwage. Tangi lingine dogo, la plastiki hata, lenye hita na chujio lililokwisha kuiva, liwe karantini yake kwa wiki nne. Akiugua unamtibia humo, maana dawa zenye shaba zinaua kamba, konokono na matumbawe. Zima taa siku ya kwanza. Usilete mabeshte siku hiyo. Mgeni aliyesafiri usiku kucha kwenye mfuko hataki kuimbiwa.

Tangi langu la pili nililivisha kwa wiki saba. Leo lina wale wawili wa Nemo, gobi na kamba wake, na samaki mwekundu anayejificha kila nikipiga chafya. Hakuna aliyekufa tangu Machi 2023. Yule mweusi nilimpeleka Lang'ata kwa jamaa mwenye tangi la lita 600, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anawafukuza samaki wakubwa kumshinda mara mbili. Madoa yamefifia. Hakunitambua, au alinitambua akanipuuza, ambayo ni haki yake.

Kwa hivyo ukienda dukani Jumamosi hii, na mtu akuonyeshe samaki mrembo na kukuambia "huyu ni mgumu, hafi," muulize swali moja tu: mgumu wa nini? Akisema wa kula vizuri, wa kutougua, wa kukaa na wenzake, msikilize. Akisema wa kuvumilia tangi jipya, shika pesa zako, toka nje, na uende ukaoteshe bakteria.